Tuanze na Ngome

Kila msimu wa mpira unapowadia, barazani Unguja na Pemba huzuka swali lile lile: kombe huletwa na walinzi au na washambuliaji? Wengi hujibu upesi kwamba ni washambuliaji, kwani mpira ni mabao. Sisi hatukubaliani na jibu hilo.

Mwaka 1954 Hungaria ilipachika mabao 27 katika mechi 5 za Kombe la Dunia. Katika fainali ikatangulia kwa mabao 2, lakini Ujerumani Magharibi ikageuza mambo na kushinda 3 kwa 2. Mwaka 2010 Hispania ilifunga mabao 8 tu katika mechi 7, ikafungwa 2, na kombe ikalichukua. Wingi wa mabao, basi, haumsaidii asiyeweza kulinda alichokipata.

Hata hivyo, ngome peke yake haitoshi. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 1992, na tena la mwaka 2012, Ivory Coast haikufungwa hata bao moja uwanjani. Fainali zote mbili zilikwisha bila bao. Mwaka 1992 mikwaju ya penalti iliwapa kombe mbele ya Ghana. Mwaka 2012 mikwaju hiyo hiyo ikawanyima, na Zambia ikatawazwa. Ulinzi humfikisha mtu mlangoni. Kuingia kwahitaji bao.

Nasi tunayo mafunzo yetu. Mwaka 1995 tulitwaa Kombe la Chalenji nchini Uganda kwa bao 1 kwa 0 katika fainali. Mwaka 2017, huko Machakos, vijana wetu walitanguliwa na Kenya mara mbili katika fainali, na mara mbili wakasawazisha, kisha wakashindwa kwa penalti. Ushujaa wao tunauenzi. Lakini waliofunga mabao 2 katika fainali wasingefika kwenye penalti lau ngome ingeruhusu moja tu.

Kasoro huanzia utotoni. Katika viwanja vyetu vya mitaani, mtoto anayeonekana hajui mpira ndiye anayepelekwa nyuma, na asiyeweza kukimbia huwekwa golini. Zawadi na sifa zote humwendea mfungaji. Kwa desturi hiyo, walinzi hodari watatoka wapi?

Tunawaomba viongozi wa michezo na Serikali wahakikishe kwamba walimu wa mpira mashuleni wanafundishwa namna ya kuwalea walinzi na walinda mlango, na kwamba mashindano ya vijana yanawatunza hao kama yanavyowatunza wafungaji. Hayo hayahitaji fedha nyingi, yanahitaji nia.

Washambuliaji tuendelee kuwapenda, maana bila wao hakuna ushindi. Lakini nyumba huanzia msingi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.