Duane Yalipwa Hapa Hapa Sokoni



Liko neno moja lililoenea sana katika nchi yetu, toka Kabambare hata Kasongo, toka Kasongo hata kivuko cha Lualaba hapa Nyangwe. Neno lenyewe ni hili: "Duane haituhusu sisi. Duane ni shauri la matajiri na wageni." Mtu husikia redioni kwamba serikali imepandisha ushuru wa mali itokayo nje, naye hupiga makofi. Asema, vema, na walipe hao Wachina! Baada ya majuma machache aenda sokoni kununua kikwembe, sabuni, au bati la nyumba, akuta bei imepanda. Hapo hapigi makofi tena. Amtukana mwenye duka, amwita mnyonyaji. Hajui kwamba alichokishangilia juzi na anachokitukana leo ni kitu kimoja.

Twataka kulisema jambo hili waziwazi. Yule aliyeuza shati kule Guangzhou amekwisha kupata fedha yake, wala hajui kama duniani pana mahali paitwapo Nyangwe. Karatasi ya ushuru haiandikwi kwa jina lake. Yaandikwa kwa jina la mwagizaji, mtu aliye upande wetu wa mpaka, huko Matadi, Kasumbalesa, Uvira au Kalemie. Naye mwagizaji hakufungua biashara ili kutoa sadaka. Fedha aliyoitoa mezani kwa watu wa duane aiandika katika daftari lake pamoja na nauli ya meli na mshahara wa wapagazi, kisha aitia katika bei.

Tupige hesabu kidogo. Chukua mali iliyofika mpakani kwa franka 100. (Ukitaka, ziite dola, hesabu ni ile ile.) Ushuru wa Kongo una daraja za 5, 10 na 20 kwa mia. Tuseme mali hii iko katika daraja la 20. Zimekuwa 120. Juu yake yaja ile TVA iliyoanza Januari 2012, nayo ni 16 kwa mia, na hutozwa juu ya zile 120, wala si juu ya 100. Yaani hata ushuru wenyewe unatozwa kodi! Jumla ni franka 139 na senti 20, na serikali imepata 39 na senti zake. Sasa mali yaanza safari. Mwagizaji, muuza jumla, na mchuuzi wetu wa mwisho, watu watatu, kila mmoja atia faida ya 10 kwa mia tu, jambo ambalo kwa barabara zetu ni upole mkubwa. Mnunuzi wa Nyangwe atatoa franka 185. Kama ushuru na TVA visingalikuwapo, kwa faida zile zile angalitoa 133. Tofauti ni 52.

Tazameni vizuri hapo. Serikali ilichukua 39, lakini mama aliyenunua ametoa 52. Zile 13 za katikati zimetoka wapi? Zimetoka kwa kuwa kila mchuuzi alipiga faida yake juu ya fedha yote iliyomtoka mfukoni, na ushuru umo ndani ya fedha hiyo. Ushuru hukua njiani kama mtoto. Kadiri mtu akaavyo mbali na mpaka, na kadiri mikono iwavyo mingi, ndivyo anavyoupokea ukiwa mkubwa. Nasi wa Maniema ya kusini tuko mbali na mipaka yote.

Wazee wetu hawakuhitaji kufundishwa jambo hili. Zamani za misafara, kabla Mbelgiji hajafika, mali ya pwani ilipita Ugogo, na watemi wa Ugogo walidai hongo ya nguo. Tajiri wa msafara alilipa kwa manung'uniko mengi, akaendelea. Je, alikula hasara hiyo? La hasha. Nguo ilipanda bei Tabora, ikapanda tena Ujiji, ikafika Nyangwe imekuwa ghali mara nyingi kuliko ilivyokuwa Bagamoyo. Hongo ya Ugogo ililipwa na mtu wa Maniema aliyetoa pembe zaidi kwa nguo ile ile. Na tuseme ukweli wote, mara nyingine ililipwa kwa miili ya watu. Mtemi wa Ugogo hakuwahi kumwona huyo aliyemlipa.

Kisha wakaja wakubwa wa Ulaya na maneno yao mazuri. Mwaka 1885 huko Berlin walikubaliana kwamba katika bonde la Kongo mali itaingia bila ushuru, na jambo hilo litatazamwa tena baada ya miaka 20. Ushuru wa kutoa mali nje haukukatazwa. Haikupita hata miaka 20. Mwaka 1890, huko Brussels, Leopold alipewa ruhusa ya kutoza mali iingiayo mpaka 10 kwa mia, na sababu iliyotolewa ilikuwa gharama za kupiga vita biashara ya watumwa. Machi 1893 majeshi yake yakaingia Nyangwe, Aprili yakaingia Kasongo. Nani alitoa ile 10 kwa mia? Wafanyabiashara wa Ulaya walipiga kelele nyingi kana kwamba ni wao. Lakini nguo na shanga hazikuvaliwa Brussels.

Hata hivyo ushuru wa kuingiza ni nusu ya habari. Upo ushuru wa kutoa, na huo wafuata njia nyingine. Hapa nchi yetu ina ushahidi wake. Mwaka 1917 Wabelgiji walianza kulazimisha kilimo cha pamba, na Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuonja. Bei ya mkulima ilipatikanaje? Ilipigwa kinyumenyume. Walianza na bei ya pamba huko Ulaya, wakatoa nauli ya meli, wakatoa nauli ya gari moshi, wakatoa kazi ya kuchambua na kufunga marobota, wakatoa ushuru, wakatoa faida ya kampuni, na kile kilichobaki chini ya gunia ndicho alichopewa mwenye shamba. Kila gharama iliyoongezeka katikati ilitoka katika mkono wake. Hakuweza kuipandisha bei, maana pamba yauzwa duniani kwa bei ya dunia. Hakuweza kuuza kwingine, maana kampuni ilikuwa moja katika eneo lake. Hakuweza kuacha kulima, maana fimbo ilikuwapo.

Basi mwenye kutaka kujua ushuru unalipwa na nani, asiulize karatasi imeandikwa jina la nani. Aulize: kati ya hawa wote, ni nani asiyeweza kuukwepa? Mwagizaji anaweza kupandisha bei. Muuza jumla anaweza. Mchina anaweza kumuuzia mtu mwingine. Mama wa Nyangwe mwenye watoto watano hawezi kuacha kununua sabuni na chumvi, naye hana soko jingine la kukimbilia. Kwake ndiko ushuru unakolala.

Wala msidhani kwamba ujinga huu ni wetu peke yetu, sisi wa misitu. Marekani, nchi ya vyuo vikuu vingi, imo katika jambo hili hili. Mwaka 2018 Rais Trump alitoza ushuru mali nyingi za China, akawaambia watu wake kwamba China ndiyo itakayolipa. Mwaka 2019 wataalamu watatu wa uchumi, Amiti, Redding na Weinstein, walizipitia bei za mali hizo na kuona kwamba karibu mzigo wote uliangukia Wamarekani wenyewe, wanunuzi na wafanyabiashara wao. Tarehe 2 Aprili 2025 alitangaza tena ushuru juu ya karibu dunia nzima, na Kongo ikaandikiwa 11 kwa mia. Tarakimu zilibadilishwa baadaye, lakini wimbo ulikuwa ule ule: wageni watalipa. Na makofi yakapigwa huko kama yapigwavyo hapa.

Kwa haki tuseme pia upande wa pili. Iko siku ambayo mgeni hubeba sehemu ya mzigo. Nchi ikiwa mnunuzi mkubwa sana, muuzaji huogopa kumpoteza, hupunguza bei yake. Lakini Maniema yanunua kiasi gani hata kiwanda cha Guangzhou kitetemeke? Tena ushuru waweza kulinda kazi za watu. Mpunga uliletwa Kasongo na Nyangwe na waungwana katika karne ya 19, na hata leo mchele wa kwetu ni mzuri. Mtu akisema mchele wa Asia utozwe ushuru ili mkulima wa Kasongo apate soko, hilo ni neno la kufikiriwa, mradi aseme pia kwamba atakayelipa ni mlaji wa Kinshasa na Bukavu. Lakini barabara ikiwa imekufa, mchele wetu hauendi popote. Gunia linaloza Kasongo halishindani na mchele wa Asia. Hapo mlaji amelipa, na mkulima hakupata hata franka moja.

Wengine walishangilia mwaka 2022 Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakasema duane imekwisha. Haikwisha. Kitu kilichotengenezwa China hakigeuki kuwa cha Afrika Mashariki kwa kupita tu Dar es Salaam na Kigoma. Jumuiya ni kwa mali iliyotengenezwa ndani ya nchi zake na yenye cheti cha asili, na hata hiyo yahitaji sheria zifuatwe na ofisa aliye mpakani, pamoja na waziri aliye mjini.

Sasa twafika mahali panapotuuma. Baada ya duane ya mpakani ziko duane za njiani. Kamba imefungwa barabarani, mtu ana bunduki au ana kalamu, kijana amesukuma baiskeli yenye mzigo siku nzima, aambiwa atoe. Mwaka 2017 taasisi ya IPIS ya Antwerp ilihesabu vizuizi 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, jirani zetu ambao mali yetu nyingi yapita kwao. Watu huita yote "duane", na jina hilo ndilo hila yenyewe. Ushuru wa kweli una sheria, una kiwango, una karatasi yenye mhuri. Kinachochukuliwa kwenye kamba mara nyingi hakina hata kimoja. Lakini katika bei ya sabuni vyote vimechanganywa, na mnunuzi hawezi kujua ametoa kiasi gani kwa hazina na kiasi gani kwa tumbo la mtu.

Na hapa ndipo hasara kubwa ya lile neno "duane haituhusu." Mtu anayedhani halipi kodi haombi hesabu. Barabara ya Kasongo kwenda Kabambare ikiharibika, asema, tufanye nini, sisi ni maskini, hatuchangii kitu kwa Leta. Ndugu, unachangia kila jioni unapowasha taa! Katiba ya 2006, kifungu cha 175, yasema 40 kwa mia ya mapato ya taifa ni mali ya majimbo, na ikatwe pale pale yanapokusanywa. Miaka imepita, na majimbo bado yalia kwamba hayapewi haki hiyo kamili. Katika mapato hayo imo fedha ya kikwembe cha mama wa Nyangwe.

Viwango vya ushuru na ada zote zilizo halali vibandikwe kwa Kiswahili katika soko la Kasongo, la Kabambare, na hapa kivukoni, ili kijana wa baiskeli ajue cha kutoa na cha kukataa, na kila atoaye apewe karatasi. Wachuuzi wetu, nao, wasione haya kumwonyesha mnunuzi karatasi hizo. Itawaokoa na matusi wasiyostahili, na itawafichua wale wanaostahili. Na wajumbe wa Kasongo na Kabambare watakaporudi kwetu kutafuta kura, waulizwe mbele ya watu: katika ile 40 kwa mia, Maniema ilipewa ngapi mwaka jana? Jibu na litolewe kwa tarakimu.