Karatasi Nayo ni Kifaa cha Kufundishia

Tumwambiapo mwanachuo ataje vifaa vya kufundishia, hutaja ubao, chaki, chati, vihesabio na picha. Karatasi haimo. Karatasi huhesabiwa kuwa mali ya ofisi, kitu kinacholetwa kwa rimu na kufungiwa kabatini. Sisi tunaona kwamba mazoea haya yanawadhuru watoto, hasa wa darasa la kwanza na la pili, na kwamba mwalimu anayetoka chuoni bila kujua kuchagua karatasi na bahasha bado hajakamilika, hata kama andalio lake la somo ni la kupigiwa mfano.

Mazoea hayo yana asili yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 karatasi ilikuwa adimu nchini Tanzania. Kiwanda cha Mgololo, huko Mufindi, kilianza kazi mwaka 1985; kabla ya hapo karatasi iliagizwa kutoka ng'ambo kwa fedha za kigeni zilizokuwa haba mno. Mwalimu alipokea alichopewa akashukuru. Leo maduka ya miji yetu yana karatasi za namna nyingi, lakini mwalimu bado huomba "rimu moja" tu, kana kwamba rimu zote ni watoto wa tumbo moja.

Jambo la kwanza la kutazama ni uzito. Uzito wa karatasi hutajwa kwa gramu katika meta moja ya mraba. Karatasi ya A0 ina eneo la meta moja ya mraba, na A4 ni sehemu yake ya kumi na sita. Kwa hiyo karatasi moja ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ni kilo 2.5. Hesabu hii ni ya darasa la sita, lakini ina faida dukani. Rimu iliyoandikwa gramu 80 ikiwekwa kwenye mizani ikaonyesha kilo 2.2, iliyomo ndani ni karatasi ya gramu 70, na fedha za wazazi zimelipia kisichokuwamo.

Kwa nini gramu hizi chache zituhangaishe? Karatasi nyepesi huonyesha upande wa pili maandishi ya upande wa kwanza. Msomaji mzima hakerwi sana. Jicho lake limezoea kuacha kisichohusika. Mtoto anayeanza kusoma hana uzoefu huo. Fikirini ukurasa wa silabi uliopigwa chapa pande zote mbili. Upande wa nyuma kuna "ba, be, bi". Herufi b ikionekana kutoka nyuma ya karatasi hugeuka na kuwa d. Basi mtoto ambaye kazi yake yote ya wiki hiyo ni kutofautisha b na d anawekewa mbele yake kivuli cha d mahali ambapo hakuna d. Akikosea, tunaandika katika daftari la maendeleo kwamba ni mzito wa kuelewa. Huenda mzito si yeye. Huenda ni wepesi wa karatasi tuliyomnunulia.

Tunajua jibu litakalotolewa: shule haina fedha. Tuhesabu basi. Tuseme kijitabu kina kurasa 20 na darasa lina watoto 45. Tukitumia karatasi ya gramu 60, tutalazimika kupiga chapa upande mmoja tu, nazo zitakuwa karatasi 900, yaani karibu rimu mbili, zenye uzito unaozidi kilo 3.3. Tukitumia ya gramu 80 kwa pande zote mbili, tunahitaji karatasi 450, rimu isiyotimia, yenye uzito wa kilo 2.25. Rahisi imekuwa ghali. Kurasa za silabi zenye herufi kubwa za wino mzito ndizo tu tungependa zipigwe upande mmoja, hata kwa karatasi nzito, nazo ni chache.

Pili, karatasi na mashine ni lazima zipatane. Zamani za stensili, mashine ya kurudufu ilitaka karatasi yenye kunywa wino, kwa kuwa wino wake ulikauka kwa kupenya ndani ya karatasi. Mashine za riso zinazotumika katika shule kadhaa siku hizi zina tabia iyo hiyo: ukizipa karatasi inayong'aa, wino hubaki juu na kuhamia kwenye vidole vya watoto na mashati yao. Mashine ya fotokopi hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Wino wake ni unga unaoyeyushwa kwa joto kali ili ushike, nao hushika vema zaidi kwenye karatasi laini iliyo kavu. Neno kavu tunalitilia mkazo. Wakati wa masika, hasa pwani, rimu iliyofunguliwa na kuachwa hunyonya unyevu, karatasi zikajikunja na kukwama mashinani, na lawama zote zikamwangukia fundi. Karatasi na zikae ndani ya kifungashio chake, juu ya rafu, wala zisigusane na sakafu ya saruji.

Jalada la kijitabu lina siri yake. Karatasi hutengenezwa kwa nyuzi, nazo nyingi hulala upande mmoja. Chukua kipande cha manila, ukipinde taratibu bila kukivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Kunako wepesi ndiko mkunjo unakofuata nyuzi. Jalada likikunjwa kufuata nyuzi hutulia na kudumu. Likikunjwa kwa kuzikata hupasuka mgongoni baada ya muda mfupi. Kwa kuwa manila hununuliwa katika vipande vikubwa na sisi wenyewe ndio tunaoikata, hatuna kisingizio. Dakika moja ya kupinda kabla ya kushika mkasi yatosha.

Sasa bahasha, ambazo kwa kawaida hukumbukwa siku ya mwisho. Tunashauri bahasha ichaguliwe kabla ya waraka haujapigwa chapa. Vipimo vyake vimepangwa vilingane na vya karatasi: A4 isiyokunjwa huingia katika C4, ikikunjwa mara moja huingia katika C5, na ikikunjwa mara mbili katika C6. Karatasi ya fulskepu, ambayo bado imo katika majalada ya zamani, ina urefu wa milimita 330 hivi, na C4 ina 324. Ndiyo maana nyaraka hizo hutoka bahashani na pembe zilizochakaa. Kwa mitihani, tazameni unene pia. Karatasi 90 za gramu 80 hufikia unene wa milimita 9 hivi, nazo huingia katika C4 ya kaki bila taabu. Darasa la watoto 120 wenye karatasi mbili kila mmoja lahitaji bahasha yenye mikunjo ya pembeni, au bahasha mbili. Bahasha iliyolazimishwa hupasuka ubavuni, na mtihani uliopasuka bahasha ni mtihani wenye mashaka.

Bahasha zenye gundi kavu zina ugomvi wao na hewa ya pwani: hujifunga zenyewe zikiwa kabatini. Zihifadhiwe zikiwa na vifuniko vilivyofunuliwa, ndani ya mfuko wa plastiki.

Limebaki la ripoti za mwisho wa muhula, nalo ndilo linalotuuma zaidi. Ripoti hutiwa katika bahasha nyeupe nyembamba iliyo rahisi kupita zote, kisha mtoto hutumwa nayo nyumbani. Njiani wenziwe huiinua juani, wakasoma kwamba fulani ni wa 43 kati ya 45, na kabla hajafika kwa mamaye jina jipya limekwisha kumshika. Ile ilikuwa barua kati ya mwalimu na mzazi. Ndugu wanachuo, mtakapokuwa katika mazoezi ya kufundisha, chukueni bahasha ya shule, tieni ndani karatasi iliyoandikwa, mkaiinue dirishani mchana. Maandishi yakisomeka, ombeni ya kaki. Na kama haipatikani, ikunjeni ripoti maandishi yakiwa ndani, kisha izungushieni karatasi tupu iliyotumika upande mmoja kabla ya kuitia bahashani.