Nani kasema Mhindi ni duka tu?

Kuanzia Nyansurura hadi Tarime mjini, na ukiteremka mpaka Musoma, imani ni moja: kazi ya Mhindi ni kuuza. Atauza spea, simenti na vitambaa, jioni atafunga ahesabu mauzo. Tukitaja sanaa yake tunataja filamu, na filamu zenyewe ni za Bombay, si za jirani yetu. Wasomi nao wanaikoleza: maonyesho ya wasanii wenye asili ya India, wanasema, ni ya Wahindi wenyewe na matajiri wa Dar es Salaam. Mkulima wa Serengeti yanamhusu nini?

Yanamhusu sana. Imani hiyo ni ya uongo, na inatunyima kilicho chetu.

Fungua sanduku la mama yeyote hapa kijijini, khanga utaikuta. Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Kihindi wa Mombasa aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa kuandika misemo ya Kiswahili kwenye khanga, mwanzoni mwa karne ya 20. Kupanga pindo na mji, kuoanisha rangi, kutafuta jina fupi litakalochoma au kubembeleza: hiyo ni kazi ya sanaa hata ikifanyika nyuma ya kaunta. Na vinyago vya shetani vya Kimakonde je? Inasimuliwa kwamba miaka ya 1950 mchongaji Samaki Likankoa alimpelekea Mohamed Peera, mwenye duka la vinyago Dar es Salaam, kazi iliyovunjika mkono. Peera aliinunua, akataka nyingine za namna hiyo. Sifa ya kuchonga ni ya Likankoa, wala simpunguzii. Lakini jicho lililoona uzuri katika kilichovunjika lilikuwa la Mhindi mwenye duka.

Anayenigusa zaidi ni Zarina Bhimji, msanii wa filamu mwenye asili ya India. Alizaliwa Mbarara, Uganda, mwaka 1963. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka, na Bhimji akakulia Uingereza. Miaka 30 baada ya agizo hilo, filamu yake *Out of Blue* ilionyeshwa katika maonyesho ya Documenta 11 huko Kassel, Ujerumani, yaliyoongozwa na Mnigeria Okwui Enwezor. Mwaka 2007 aliteuliwa kuwania tuzo ya sanaa ya Turner. Katika filamu ile humwoni mtu. Unaona nyika ikiungua, vyumba vitupu, kuta zilizochakaa, na sauti ndizo zinazobeba hofu. Wapo wazee wa Mara waliopita Mbarara mwaka 1979, katika vita vya Kagera, wakiwa na sare za jeshi letu, JWTZ. Uganda hiyo iliyohamwa waliiona kwa macho yao. Nani basi ana haki zaidi ya kuitazama filamu hiyo, wao au mnunuzi wa picha wa London? Kumwambia mzee wa namna hiyo kwamba hayo ni mambo ya Wahindi ni kumdhulumu kumbukumbu yake.

Najua jibu nitakalopewa. Tulipunjwa kwenye mizani, tulisubirishwa mlangoni, mkoloni aliwaweka juu yetu nao wakakaa. Ni kweli, na machungu hayo yana haki yake. Lakini kupunjwa sukari hakumfanyi mpunjaji, sembuse wajukuu zake, kuwa kiumbe asiye na ndoto wala majonzi. Mwaka 1961 Mwalimu Nyerere alisimama bungeni akapinga uraia wa kupimwa kwa rangi, akawa tayari kujiuzulu kwa ajili hiyo. Sisi watu wa mkoa wake tunawapimia wasanii kwa kipimo alichokikataa.

Wakenya walikwisha kuthubutu. Mwaka 2000 Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yalifungua maonyesho makubwa ya urithi wa Waasia wa Afrika, chini ya mtaalamu Sultan Somjee, yakieleza historia yao kama sehemu ya historia ya nchi.

Kwetu mahali papo: Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, Butiama. Makumbusho ya Taifa yawakusanye wachoraji, wapiga picha na watengeneza filamu wenye asili ya India waliozaliwa Tanzania, Kenya na Uganda, wapange kazi zao huko pamoja na khanga na vinyago, na filamu ya Bhimji ionyeshwe kwa maelezo ya Kiswahili. Wanafunzi wa Tarime na Serengeti waingie bure, na wazee wa vita vya Kagera waalikwe siku ya kwanza.