Mama komisioneri, wateja wako wako wapi?



Juma lililopita, kisha mkutano wa kikundi, mama mmoja wa Kadutu alibaki nyuma akanishika mkono. Ni mjane, ana watoto wanne shuleni, na tangu miezi sita anafanya kazi ya komisioneri: anatafutia watu nyumba za kupanga. Akaniambia: «Mwanzoni nilipata wapangaji watatu. Sasa ni mwezi wa pili sijapata hata mmoja. Kila asubuhi ninatembea Bukavu, tangu Cimpunda mpaka Nguba, narudi mikono mitupu. Na shule inadai pesa. Wateja wako wapi?»

Nikamuuliza swali moja tu: «Wale watatu wa mwanzo, ulirudi kuwasalimu?»

Akanyamaza. Kisha akasema ukweli. Mmoja hawezi kurudi kwake, sababu nyumba aliyompa, maji ya REGIDESO hayafiki pale. Yeye alijua, lakini hakusema. Alikuwa na haraka ya komisiyo.

Wamama, jibu liko hapo. Katika mji wetu, mtu anayetafuta nyumba anauliza kwanza watu anaowaamini: jirani, mwenzake wa kanisa, muuzaji mwenzake wa soko. Mpangaji mmoja uliyemficha jambo anakufungia milango ya watu wote hao. Mpangaji mmoja uliyemtendea vema anaifungua, na wewe umelala nyumbani.

Tukumbuke pia kwa nini watu wanaogopa makomisioneri. Wengine wanadai pesa ya kutembeza mtu, halafu wanamuonyesha nyumba iliyokwisha kupata mpangaji. Wengine wanapokea garanti ya nyumba moja kwa watu watatu, kisha simu yao haipatikani tena. Kwa mama anayeuza sambaza sokoni, garanti ile ni pesa ya likelemba ya muda mrefu. Ikipotea, watoto wanalala kwa jirani. Basi, mama anayejulikana kuwa mkweli katika kazi hii hatakosa watu. Haya ndiyo niliyomshauri mwenzetu.

Anza na wanaokujua. Waambie wamama wa MUSO yako, wa kwaya, wa mlango wa shule, kwamba unatafutia watu nyumba. Usiseme tu «nipe wateja». Uliza: «Ni nani kwenu anaoa karibuni? Nani amepata kazi hapa mjini? Nani nyumba imekuwa ndogo?» Swali la namna hiyo linamkumbusha mtu jina, na jina ndilo unalotafuta.

Tafuta nyumba kwanza, mpangaji atafuata. Komisioneri mwenye nyumba nzuri mkononi, watu wenyewe wanamfuata. Salimia mafundi wa ujenzi, wao wanajua nyumba gani inakaribia kuisha. Tembelea wazee ambao watoto wao wamehama na vyumba viko tupu. Mjane mwenye nyumba anaogopa kuingiza mtu asiyemjua. Akikuona wewe mama mwenzake unayemletea mpangaji anayejulikana, atakuita tena chumba kikibaki wazi.

Sema ubaya wa nyumba mbele ya uzuri wake. Mji wetu ni wa milima. Fika mwenyewe, na ukiweza fika siku ya mvua. Maji yanatoka siku gani? Umeme, kila mpangaji ana mashine yake ya kulipia, ao wanachangia moja na kugombana kila mwezi? Choo ni cha watu wangapi? Njia inapitika mvua ikinyesha? Ukuta uko karibu na bonde linaloporomoka? Mwambie mteja yote. Atakataa nyumba mbili, lakini ya tatu ataichukua bila kusita, sababu amekwisha kuona kwamba humfichi kitu. Na nyumba inayoweza kuanguka juu ya watoto, usiionyeshe kabisa, hata kama komisiyo ni kubwa.

Komisiyo isemwe siku ya kwanza. Wengi hapa wanadai pesa ya mwezi mmoja wa nyumba. Wewe ukidai ile ao chini yake, sema mapema, andika, na useme nani anayelipa, mwenye nyumba ao mpangaji. Usipokee komisiyo mbele ya mtu kupata ufunguo.

Garanti isipite mikononi mwako. Itoke kwa mpangaji, iingie kwa mwenye nyumba, wewe ukiwa shahidi, na karatasi iandikwe yenye majina, pesa, tarehe na sahihi. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu. Jua sheria hiyo, na umwambie mteja wako. Mama anayesikia kwamba komisioneri amemtetea mbele ya mwenye nyumba anayedai miezi sita, hatanyamaza. Atalisema jina lako mpaka sokoni.

Tumia simu, lakini kwa ukweli. Picha unayoweka WhatsApp iwe ya nyumba ile ile, na choo kionekane pia. Nyumba ikipata mtu, toa picha siku ile ile. Anayekupigia na kusikia «imekwisha kwenda» mara tatu, hatapiga ya nne.

Rudi. Kisha juma moja, pitia umsalimu mpangaji: «Maji yanatoka? Mnapatana na mwenye nyumba?» Uwe na daftari: jina, kartie, siku aliyoingia, siku mapatano yanaisha. Mwezi mmoja mbele ya siku ile, piga simu kwa wote wawili. Mpangaji akitaka kuhama, unapata kazi mara mbili: kumtafutia yeye nyumba, na kutafutia nyumba ile mtu mwingine.

Mambo mawili ya kujilinda. Usiingie peke yako katika nyumba tupu na mtu usiyemjua. Enda na mama mwenzako, ao mtoto mkubwa, na uache neno nyumbani unakwenda wapi. Na wakikuomba kuuza kiwanja, usikimbilie pesa. Karatasi ya shefu wa kartie haitoshi. Uliza sertifika ya kuandikishwa, na wanunuzi waende kuihakikisha katika ofisi ya hati za ardhi mbele ya kutoa hata dola moja. Ukishiriki katika kuuza kiwanja cha watu wawili, hasara yako ni jina lako lote.

Mwenzetu alirudi kwa yule mpangaji Jumamosi. Alikubali kosa, akamwambia atamtafutia nyumba nyingine bila komisiyo. Mpangaji alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni; hakumkaribisha kuketi. Akasema tu: «Ukipata yenye maji, uje.» Ni neno dogo. Lakini ndilo jina la kwanza katika daftari yake mpya, na tangu Jumatatu anazunguka kuitafuta nyumba hiyo.

Kama kwenu Ibanda, Kadutu ao Bagira mnajua chumba mbili zenye maji ya kweli na mwenye nyumba anayesikilizana na watu, mje na habari hiyo mkutanoni. Mtawasaidia wamama wawili kwa mara moja.

Mbaki na amani. Tuonane juma lijalo.