Gego la miaka sita: Tusisubiri liume ndipo tuzinduke

MTOTO anapokaribia umri wa miaka sita, gego jipya huota nyuma ya meno yake ya utoto. Halichukui nafasi ya jino lililong'oka, hivyo wazazi wengi hawalitambui, na wanaoliona hudhani nalo litang'oka lenyewe. Hapo ndipo hatari inapoanzia, kwani gego hilo ni la kudumu. Likioza na kung'olewa, hakuna jingine litakaloota mahali pake.

Kuoza kwa meno hakusababishwi na funza, kama baadhi ya watu wanavyoamini. Bakteria waliomo kinywani hugeuza sukari kuwa asidi, nayo hula ganda la jino kidogo kidogo. Gego changa lina mifereji myembamba juu yake ambamo mabaki ya pipi na biskuti hujificha, na mkono wa mtoto haujawa hodari wa kuusogeza mswaki hadi huko nyuma.

Kwa mujibu wa taarifa ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2022, watoto wapatao milioni 514 duniani wana meno ya utoto yaliyooza. Hata hivyo, kinga yake inajulikana: kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi na kupunguza sukari.

Nchini Tanzania, wengi humwona daktari wa meno pale tu maumivu yanapowanyima usingizi, na mara nyingi kinachobaki wakati huo ni kung'oa. Jambo hili linasikitisha zaidi tukikumbuka kwamba ni hapa hapa, katikati ya miaka ya 1980, ilikoanzia mbinu ijulikanayo kama ART. Sehemu iliyooza huondolewa kwa vifaa vya mkono, kisha jino huzibwa kwa dawa inayonata. Haihitaji umeme wala mashine ya kutoboa, na dawa hiyo huweza pia kuziba mifereji ya gego ambalo bado ni zima. Mwaka 2021 WHO iliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floridi.

Wapo watakaosema kuwa mipango ya namna hii ni gharama. Lakini huko Scotland, mwaka 2003 zaidi ya nusu ya watoto wa darasa la kwanza walikuwa na dalili za kuoza meno. Baada ya watoto kuanza kupiga mswaki shuleni wakisimamiwa na walimu, kufikia mwaka 2022 takriban saba kati ya kumi hawakuwa na dalili hizo.

Ni kweli kwamba katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara, ambako maji ya baadhi ya maeneo yana floridi nyingi inayoyatia meno rangi ya kahawia, ushauri wa wataalamu unahitajika zaidi. Lakini hilo halizuii kukagua na kuziba.

Gego la kudumu huota wakati ule ule mtoto anapoandikishwa darasa la kwanza. Hakuna wakati mwingine ambapo Serikali huwapata watoto wengi namna hiyo mahali pamoja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa gego lililong'olewa haujengeki.