Fundisho la Easington

Katika nchi ya Uingereza, upande wa kaskazini-mashariki, kando ya bahari katika jimbo la Durham, palikuwa na wilaya iliyoitwa Easington. Halmashauri ya wilaya hiyo ilidumu kwa miaka 35, tangu tarehe 1 Aprili 1974 hata tarehe 1 Aprili 2009. Kwa muda wote huo ilikuwa mikononi mwa Chama cha Labour, wala hapakutokea siku moja ikaongozwa na chama kingine. Leo halmashauri hiyo haipo. Twapenda wanachama na wafanya kazi waijue habari yake, kwani limo ndani yake fundisho kwa kila chama kilichozaliwa na jasho la wanyonge.

Watu wa Easington walikuwa wachimba makaa. Chama chao hawakukipata kwa kusoma vitabu. Walikipata chini ya ardhi, gizani, mahali ambapo uhai wa mtu humtegemea mwenzake. Tarehe 29 Mei 1951 mgodi wa Easington ulilipuka, wakafa watu 83, na wawili kati yao ni waokoaji walioshuka kuwatafuta wenzao. Jimbo la Durham ndilo la kwanza katika Uingereza yote kuwa na Halmashauri ya Jimbo iliyoongozwa na Labour, mwaka 1919. Mwenyekiti wake alikuwa Peter Lee, mtu aliyeingia mgodini akiwa mtoto wa miaka kumi. Mji mpya ulioanzishwa katika wilaya hiyo mwaka 1948 ulipewa jina lake, ukaitwa Peterlee.

Tena watu hao hawakuwa wafuasi vipofu. Mwaka 1929 watu wa Seaham, mji ambao baadaye ulitiwa katika wilaya ya Easington, walimpeleka Bungeni Ramsay MacDonald, akawa Waziri Mkuu. Mwaka 1931 alikiacha chama chake, akaunda Serikali pamoja na wapinzani wa chama hicho. Mwaka huo watu wa Seaham walimrudisha kwa mara ya mwisho. Lakini ulipofika mwaka 1935 walimwondoa, wakamchagua Emanuel Shinwell kwa wingi wa kura zaidi ya 20,000. Basi ilionekana wazi kwamba utii wao ulikuwa kwa jambo lililowaunganisha, na cheo cha mtu hakikuwatisha.

Sasa tuutazame uchaguzi wa halmashauri yenyewe. Wa kwanza ulifanywa mwaka 1973, kabla halmashauri haijashika kazi. Ukafuata wa 1976 na wa 1979, kisha kila baada ya miaka minne hata 2007. Jumla ni mara kumi, na mara zote kumi Labour ilipata madaraka. Madiwani wote walichaguliwa kwa siku moja, na katika kila kata aliyepata kura nyingi ndiye aliyeshinda. Kwa utaratibu huo wapinzani waliotawanyika huku na huku wanaweza kupata kura nyingi na viti vichache. Tena sheria ya Uingereza yasema kwamba wagombea wasipozidi idadi ya viti, kura haipigwi. Hutangazwa kuwa wamechaguliwa.

Hapo ndipo penye hatari tunayotaka kuionya. Mahali ambapo chama hakishindiki, uchaguzi wa kweli huhama kutoka katika kituo cha kura, ukaenda katika mkutano wa tawi unaoteua wagombea. Mkutano huo ukijaa watu, wananchi bado wanachagua. Ukiwa na watu kumi na wawili katika chumba kimoja, basi hao kumi na wawili ndio wanaotawala, na sanduku la kura limekuwa muhuri tu. Hatusemi kwamba madiwani wa Easington walikuwa wavivu au walikosa uaminifu. Twasema kwamba ushindi wa kila mara humnyima hata kiongozi mwema habari za kweli. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na asiyepata kukosolewa hawezi kujua kama tembo lake lingali zuri.

Kisha makaa yakaisha. Baada ya mgomo mkubwa wa 1984 na 1985, migodi ilifungwa mmoja baada ya mwingine: Horden mwaka 1987, Seaham mwaka 1988, Dawdon na Murton mwaka 1991, na Easington wenyewe mwaka 1993. Halmashauri ya wilaya haikuwa na uwezo wa kuyazuia hayo. Kazi yake ilikuwa nyumba, taka na mipango ya ujenzi. Shauri la makaa lilikuwa la London. Lakini mgodi ulipofungwa, tawi la chama cha wachimba makaa nalo lilidhoofika, nalo ndilo lililokuwa sikio la Labour katika kila kijiji. Chama kilibaki na viti, kikapoteza sikio.

Mwaka 2007 Serikali ilikata shauri kuzifuta halmashauri zote saba za wilaya katika Durham na kuweka halmashauri moja ya jimbo zima. Halmashauri za wilaya ziliitisha kura ya maoni kwa njia ya posta, na zaidi ya robo tatu ya waliopiga kura walikataa. Hata hivyo shauri lilipita. Na waliolipitisha si maadui: Serikali ya London ilikuwa ya Labour, na Halmashauri ya Jimbo iliyoomba madaraka hayo ilikuwa ya Labour pia. Wananchi waliulizwa, wakajibu, na jibu lao likawekwa kando na chama walichokipigia kura maisha yao yote.

Matokeo yake hayakuja mara moja. Mwaka 2021 Labour ilipoteza wingi wa viti katika Halmashauri ya Jimbo la Durham, wingi iliokuwa nao tangu 1925. Mwaka 2025 ilipata viti 4 tu katika 98, na chama cha Reform UK kikapata 65. Yako mambo mengi yaliyoleta anguko hilo, na mengine yalitoka mbali na Durham. Lakini nyumba haiangushwi na upepo wa siku moja ikiwa nguzo zake ni nzima.

Basi wanachama wasihesabu viti peke yake. Na wahesabu pia waliohudhuria mkutano wa tawi mwezi uliopita. Na waulize wagombea waliteuliwa na nani, na mwananchi aliyesema "hapana" alijibiwa nini. Kura ya mfanya kazi si urithi ambao chama kimeachiwa na wazee. Ni amana, na mwenye amana ana haki ya kuidai siku yo yote.