Hali ya hatari isiyojizima

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nataka tuongee sheria. Usikimbie! Tutaisoma kama sisi watu wa tarakilishi tunavyosoma msimbo: nani anawasha, nani anazima, na mtu asipofanya lolote kinatokea nini?

Tarehe 3 Novemba 1997 Rais Bill Clinton alitangaza hali ya hatari ya kitaifa Marekani kwa sababu ya serikali ya Sudan. Alitaja kuunga mkono ugaidi, kuvuruga majirani na kukiuka haki za binadamu, utumwa ukiwemo. Mali za serikali ya Khartoum zikafungiwa, na biashara karibu yote kati ya nchi hizo mbili ikapigwa marufuku.

Sisi Wakenya hatuwezi kusema hofu hiyo ilikuwa ya kubuni. Osama bin Laden aliishi Sudan hadi 1996, na tarehe 7 Agosti 1998 bomu la al-Qaeda liliua zaidi ya watu 200 Nairobi. Kwa hiyo sibishani na kuwasha. Ninabishana na kuzima.

Sheria inayotumika ni ya 1976. Ilitungwa kwa sababu marais walikuwa wakiacha hali za hatari zikining'inia miaka na miaka. Inasema kila tangazo hufa baada ya mwaka mmoja. Safi kabisa! Lakini soma mstari unaofuata: katika siku 90 kabla ya tarehe hiyo, rais akichapisha ilani katika gazeti rasmi la serikali na kuituma Bungeni, tangazo linaishi mwaka mwingine. Hakuna kura. Hakuna kikomo cha mara ngapi. Bunge likitaka kuzima ni lazima lipitishe azimio, na rais anaweza kulikataa, kama Trump alivyofanya 2019 kuhusu mpaka wa Mexico.

Kwa lugha yetu: kuongeza ni mstari mmoja, kuzima ni mradi mzima. Matokeo yake unaweza kuyabashiri. Hali ya hatari kuhusu Iran ilitangazwa Novemba 1979, na 2024 ilikuwa bado inaongezwa. Ile ya Sudan vilevile. Vikwazo vya biashara viliondolewa Oktoba 2017, Omar al-Bashir akapinduliwa Aprili 2019, na Desemba 2020 Sudan ikatolewa kwenye orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi. Bado 2024 tangazo la 1997 liliongezwa. Utasema, lakini si kuna vita Sudan tangu Aprili 2023? Kweli, tena vibaya sana. Basi vita hivyo vitangaziwe hatari yake, kwa sababu zake, badala ya kupachikwa kwenye faili la serikali iliyokwisha anguka.

Na nani hulipa? Januari 2010 tovuti ya SourceForge, ghala kubwa la programu huria wakati huo, ilifungia watu wa Sudan, Iran, Cuba, Syria na Korea Kaskazini kwa kufuata sheria za vikwazo. Seva iliangalia anwani ya IP tu. Haikuuliza kama wewe ni waziri wa Bashir au mwanafunzi wa chuo unayetafuta kitu cha kujifunzia. Mwezi uliofuata wenye miradi waliruhusiwa kuamua wenyewe, lakini funzo lilibaki: tangazo linalotaja serikali huishia kwa raia, kwa sababu kampuni ikiogopa faini huona ni rahisi kufunga nchi nzima.

Kabla hatujaicheka Washington, tuangalie nyumbani. Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru, Kenya ilitangaza hali ya hatari kaskazini mashariki. Wapiganaji walitaka eneo hilo lijiunge na Somalia, na serikali ya Mogadishu iliwaunga mkono. Oktoba 1967 Kenya na Somalia zilipatana kule Arusha. Sababu ikaisha. Hali ya hatari je? Iliondolewa 1991! Miaka 24 baada ya mapatano. Kutoka huku kwetu Nuu, ukishika barabara ya Mwingi hadi Garissa, unafika kwa watu waliozaliwa, wakasoma na kuoa ndani ya hali ya hatari ambayo adui wake alishatia sahihi amani.

Ndiyo maana napenda kifungu cha 58 cha Katiba ya 2010. Tangazo hudumu siku 14 tu. Kuongeza kunahitaji mjadala wa wazi katika Bunge la Kitaifa, na kila nyongeza haizidi miezi miwili. Mara ya kwanza lazima thuluthi mbili ya wabunge wote wakubali. Mara zinazofuata, robo tatu. Na Mahakama ya Juu inaweza kuamua kama tangazo au nyongeza ni halali.

Umeona ufundi wake? Kadiri unavyoongeza ndivyo bei inavyopanda. Najua hizi mbili si kitu kimoja: ya Marekani hufunga pesa na biashara na nchi za nje, yetu hugusa uhuru wa watu nyumbani. Lakini swali la muda ni lilelile, na aliyeandika kifungu chetu alijua kwamba binadamu akiachiwa kitufe cha "endelea" atakibonyeza milele.

Kuzima kunawezekana. Burundi ilitangaziwa Novemba 2015, na Novemba 2021 Rais Biden akaifuta. Ila ilitegemea utashi wa mtu mmoja. Maoni yangu ni haya: kila nyongeza ipigiwe kura, kwa sababu za mwaka huu, si za mwaka ilipowashwa. Wasipopatikana wa kuitetea, ijizime yenyewe. Nasi Wakenya, siku mwanasiasa akija kutuambia kifungu cha 58 ni kigumu mno na kirahisishwe, tumuulize kuhusu ile miaka 24.

Wewe waonaje? Karibu tubishane.